Ushairi wa Uwanjani: Mashindano na Mafunzo ya Utungaji katika Shule za Usukuma

Katika nchi ya Wasukuma utungaji wa nyimbo ulikuwa jambo la kushindana zamani kabla ya kuja kwa shule. Mavuno yalipokwisha kuingia ghalani, kuanzia mwezi wa Juni, watu wa vijiji walikusanyika uwanjani kutazama vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vikichuana. Masimulizi yasema kwamba vyama hivyo vilianzishwa katika karne ya kumi na tisa na waganga wawili, Ngika na Gumha, ambao kila mmoja alidai kuwa dawa yake ndiyo yenye nguvu. Na kwa kuwa nguvu ya dawa haipimiki kwa mizani ya dukani, ilipimwa kwa watu. Vikundi viwili vilicheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na kile kilichovuta watazamaji wengi zaidi kilihesabiwa kuwa mshindi. Hapakuwa na mwamuzi mwenye filimbi. Hukumu ilitolewa kwa miguu ya watazamaji wenyewe, maana aliyechoshwa na upande huu alihamia upande ule.

Vivutio vya mchezo huo vilikuwa vingi. Walikuwapo Bayeye waliocheza na nyoka, walikuwapo wachezaji wa kuruka na wa kujipinda. Lakini nguzo ya kikundi ilikuwa ningi, yaani kiongozi wa nyimbo, ambaye kazi yake ilikuwa kutunga mapya kila msimu: kuusifu upande wake, kuukejeli upande wa pili, na kusema lililo moyoni mwa watu juu ya mambo ya wakati ule, kama vile njaa, kodi, bei ya pamba na mwenendo wa watawala. Ningi hakuimba kwa watu waliokwisha kukubaliana naye. Aliimba huku mpinzani akimsikia na akitafuta jibu, na huku wasikilizaji wake wakiwa na ruhusa ya kuondoka wakati wowote. Shule chache sana za utungaji duniani zimewahi kumpa mwanafunzi wake mtihani mkali kama huo.

Wageni hawakuyapenda mashindano haya wote kwa pamoja. Wamisionari wengi waliona ndani yake uganga na ugomvi tu, wakawakataza waumini wao. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement kutoka Kanada alishika njia nyingine katika miaka ya 1950: aliyakaribisha mashindano ya ngoma katika sikukuu ya Ekaristi, na sherehe hiyo ikajulikana kwa jina la Bulabo.

Kharumwa ni mji mdogo wa upande wa pili wa Usukuma huo, katika ukanda wa dhahabu. Tangu 2012 ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale katika Mkoa wa Geita. Kabla ya hapo ardhi yake ilihesabiwa katika Wilaya ya Geita, Mkoa wa Mwanza. Wengi wa wakazi wa nchi ya Geita ni uzao wa Wasukuma waliohamia kutoka mashariki na kusini pamoja na ng'ombe wao, hasa baada ya 1947, serikali ya kikoloni ilipoanzisha mpango wake wa maendeleo ya Usukuma na kuufungua msitu wa Geita kwa makazi. Walihama na ngoma zao. Walihama pia na desturi ya kutoa maoni kwa sauti, kwa maana mwaka 1958, walipolazimishwa kupokea baraza la wilaya la watu wa rangi mbalimbali ambalo hawakulitaka, maelfu ya watu wa Geita walikwenda kwa miguu hadi Mwanza kuwaambia wakubwa kuwa wamekataa. Mtoto wa nchi hii, basi, haitaji kufundishwa kuwa na maoni. Anachohitaji ni kufundishwa kuyatia katika Kiswahili kilichonyooka, lugha ambayo wengi wao huikuta dawatini baada ya kukulia katika Kisukuma.

Ushairi wa Kiswahili nao, kwa upande wake, ulikuwa na wapinzani wake tangu zamani. Muyaka wa Mombasa alirushiana tungo na washairi wa Lamu katika miaka ambayo miji hiyo miwili ilikuwa ikielekea vitani. Baadaye, gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilifungua kurasa zake kwa washairi wa bara na pwani. Walimu na makarani waliulizana maswali kwa beti, wakajibiana, wakagawanyika pande mbili juu ya jambo dogo kama maana ya neno moja. Sheria za sanaa hiyo zilikuja kuandikwa na Sheikh Amri Abedi katika kitabu chake cha 1954. Ni ajabu njema kwamba huko Arusha jina la mwalimu huyo wa vina na mizani limewekwa juu ya uwanja wa mpira, na kwamba maelfu ya watu hulitaja kila wiki bila kujua kuwa wanataja jina la mshairi.

Jaribio kubwa la kuuingiza ushairi wa namna hiyo katika shule za msingi lilifanywa na Mathias Mnyampala. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, na Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Mwaka uliofuata Rais Nyerere aliwaomba washairi wasaidie kuieneza siasa mpya. Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na kiongozi katika chama cha UKUTA, aliitika kwa ngonjera: mashairi ya kujibizana, ambayo wanafunzi wawili au zaidi huyasema kwa moyo mbele ya watu, mmoja akishika upande huu na mwingine upande ule. Yeye alifariki Juni 1969. Kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka 1970, cha pili 1971. Katika muda mfupi hapakuwa na sherehe ya shule, wala ziara ya mgeni rasmi, isiyokuwa na ngonjera.

Sifa ya Mnyampala haipungui kwa kusema kuwa umbo hilo lilikuwa na kasoro. Katika ngonjera nyingi mmoja ni mjinga na mwingine ni mjuzi. Mjinga anauliza, mjuzi anaeleza, na katika beti za mwisho mjinga anakiri na kushukuru. Ni mchezo ambao mabao yake yamekwisha kuandikwa ubaoni kabla timu hazijaingia. Kwa taifa changa lililotaka kueleweshwa jambo moja kwa haraka, sababu yake yafahamika. Kwa mtoto anayejifunza kutunga na kutoa hoja, hasara yake ni kubwa, kwa kuwa anajifunza kwamba upande wa pili upo ili ushindwe. Ningi wa Bagalu asingedumu hata msimu mmoja kwa njia hiyo. Shule ilichukua kwa ngoma majibizano, ikaliacha shaka ya matokeo, na shaka ndiyo iliyomlazimisha mtungaji kufikiri.

Mahali ambapo shaka hiyo imebaki hai kwa mtoto ni katika michezo, na hasa katika mpira wa miguu. Mpira ulimfikia mtoto wa bara kwa sauti kabla ya kumfikia kwa picha. Radio Tanzania ilitangaza mechi za Yanga, klabu ya mwaka 1935, na za Sunderland, ambayo mwaka 1971 ilibadili jina ikaitwa Simba. Na watangazaji wa namna ya Ahmed Jongo waliwafanya watu wa vijijini, ambao hawakupata kuuona uwanja wa taifa, waone winga akikimbia pembeni. Kiswahili kilichotumika hapo kilikuwa kimejaa sitiari, ijapokuwa hakuna aliyeziita hivyo. Mpira unaorushwa juu ya kichwa cha mpinzani ni kanzu. Unaopita katikati ya miguu yake ni tobo. Chenga na danadana zimetoka uwanjani zikaingia ofisini na katika siasa, hata mtu anayezungushwa na karani husema kwamba anapigwa danadana. Mtoto wa Kharumwa anayeshindwa kueleza sitiari ni nini huwa tayari anazo hamsini. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kuwa alichonacho ndicho kinachoitwa hivyo kitabuni.

Na hili si jambo la wavulana peke yao. Wasichana wanaoruka kamba na kucheza rede wanalijua pigo la mizani kuliko kaka zao, kwa sababu kamba haimsamehe anayekosea hesabu. Mstari wa mizani kumi na sita, nane kwa nane, unaweza kupimwa kwa miruko kabla haujapimwa kwa vidole. Tena mwezi wa Oktoba 2022 timu ya wasichana wa Tanzania wa chini ya miaka 17 ilicheza Kombe la Dunia huko India, ikaifunga Ufaransa 2 kwa 1 na kufika robo fainali. Habari hiyo yatosha kuwa ubeti, na yatosha pia kuwa hoja.

Maana hoja ndiyo sehemu ngumu zaidi. Mtoto hutoka uwanjani akisema kwamba refa aliwapendelea wenzao. Hayo ni maoni, na yakiachwa hivyo yatabaki kuwa kelele. Mwalimu akimtaka aandike ni dakika gani, refa alikuwa amesimama wapi, mshambuliaji alikuwa mbele au nyuma ya beki wa mwisho, na kanuni ya kuotea yasemaje, mtoto analazimika kutenga alichokiona na alichokitamani. Kisha aulizwe swali lililo gumu kuliko yote: mchezaji wa upande wa pili angejibu nini? Akiliandika jibu hilo kwa uaminifu, pasipo kulifanya la kipumbavu, amefika mahali ambapo ngonjera nyingi za vitabuni hazikufika.

Historia ya michezo ya Tanzania ina mambo mawili yanayofaa sana kwa zoezi hili, kwa sababu watu wazima wenyewe hawajaafikiana juu yake. La kwanza ni la John Stephen Akhwari, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki huko Mexico tarehe 20 Oktoba 1968. Alianguka njiani akaumia goti, akaendelea, akaingia uwanjani akiwa wa mwisho, wa 57, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, watazamaji wengi wakiwa wamekwisha kwenda zao. La pili ni la Filbert Bayi huko Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Katika mbio za mita 1500 aliongoza tangu mlio wa bastola, akakataa kungoja nyuma ya wengine kama wataalamu walivyopenda, akashinda kwa rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, John Walker wa New Zealand aliyemfuata naye aliivunja rekodi ya zamani.

Yupi anastahili wimbo zaidi? Darasa la sita likigawanywa pande mbili juu ya swali hili, hakuna upande ulio wa mjinga. Anayemtetea Bayi atasema kwamba mbio zimewekwa ili mtu ashinde, na kwamba taifa linaloimba sana habari za kumaliza laweza kusahau kushinda. Anayemtetea Akhwari atauliza kwa nini dunia inamkumbuka yeye na imewasahau wengi waliomtangulia siku ile. Atajibiwa kuwa kukumbukwa hakuthibitishi ubora. Naye atasema kwamba Bayi, kwa kukimbia mbele peke yake, alihatarisha kushindwa kwa aibu, na kwamba ujasiri wake ni ndugu wa ujasiri wa Akhwari. Hapo mjadala unageuka, na mtoto anayetunga ubeti wa kujibu hana budi kuubadili ubeti aliokuwa ameutayarisha nyumbani. Kejeli itakuwapo, nayo iachwe iwepo. Ningi aliijua mipaka ya kejeli na matusi, na mipaka hiyo hujifunzwa kwa kucheza karibu nayo.

Serikali yenyewe ilikwisha kuviweka viwili hivi katika jina moja. UMITASHUMTA, mashindano yanayowakutanisha watoto wa shule za msingi kutoka ngazi za chini hadi taifa, ni kifupi cha maneno ambayo ndani yake Michezo na Taaluma vimekaa pamoja. Kwa vitendo vimekaa mbalimbali: taaluma imebaki darasani na michezo ikaenda kambini. Darasani kwenyewe nafasi ya insha imekuwa nyembamba. Mwaka 2012, mwaka ule ule Nyang'hwale ilipofanywa wilaya, mtihani wa darasa la saba ulianza kusahihishwa kwa mashine, mtahiniwa akitia weusi katika duara la herufi aliyoichagua. Mashine husoma duara upesi na haimpendelei mtu, lakini haikuundwa kusoma sababu. Na mwalimu mwenye darasa kubwa hufundisha kile kitakachosomwa.

Watoto wa ukanda huu wamepata mada nyingine karibu zaidi na nyumbani. Geita Gold ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021. Katika msimu wake wa kwanza ilimaliza ya nne, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Mechi zake zilichezwa katika uwanja wa shule, ule wa sekondari ya wasichana ya Nyankumbu. Mwaka 2024 ilishuka daraja. Wako wanaowalaumu wachezaji, wako wanaowalaumu viongozi, na wako wasemao kwamba mji wenye dhahabu usingeshindwa kuitunza timu kama ungetaka; wala hakuna kitabu cha kiongozi cha mwalimu chenye jibu sahihi la swali hilo.