Waliosikia Mayowe

Kila mwaka nikikaa na wavulana wa kidato cha pili kwa somo la ushauri nasaha, naanzia St. Kizito, Meru, usiku wa tarehe 13 Julai 1991. Shule ilikuwa ya mseto. Wavulana walipanga mgomo, wasichana wakakataa kujiunga nao, wakajifungia katika bweni moja. Bweni likavamiwa. Kulipokucha, wasichana 19 walikuwa wamekufa, wengi kwa kukanyagana na kukosa hewa. Wengine 71 walikuwa wamebakwa.

Kenya ilishtuka, watu wakabishana kuhusu shule za mseto. Waliofikishwa kortini walikuwa sehemu ndogo tu ya wavulana wa shule ile. Mimi huwaulizia waliobaki, waliosikia mayowe, kwa sababu wanafunzi wangu wengi ni wa aina hiyo: hawatambaka mtu, lakini pia hawatasema neno.

Swali hilo la wanaonyamaza ndilo lililomshughulisha mwelimishaji Jackson Katz huko Boston, Marekani. Mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha Northeastern, alianzisha mafunzo ya kuzuia ukatili wa kijinsia, akianza na wanamichezo, maana wenzao huwasikiliza. Hakuwasimanga kama washukiwa. Alizungumza nao kama marafiki wa mkosaji na wa mkosewa, wenye uwezo wa kuzuia jambo. Baadaye jimbo la Kentucky likapeleka mpango wa Green Dot, wenye lengo hilohilo, katika shule za upili. Kuanzia 2010 ulipimwa katika shule 26, na pale ulipofundishwa ukatili wa kingono ulipungua. Nairobi, shirika la Ujamaa liliingia shule za mitaa ya mabanda na mtaala wa wavulana wa wiki 6.

Darasani kwangu tunaigiza. Mvulana anamvuta msichana mkono nyuma ya maabara, mwenzake anapita. Afanye nini? Karibu wote hujibu, “Nimpige.” Ndiyo maana wengi hupita kimya: wanadhani njia ni ngumi tu, na ngumi wanaiogopa. Basi tunafanya mazoezi ya mengine. Mwite msichana kwa jina, umwambie mwalimu wa zamu anamtafuta. Rudi ukiwa na mwenzako. Kimbilia mlinzi. Jioni, muulize msichana kama yuko salama. Wanarudia hadi sauti iache kutetemeka, kwani hofu hufunga mdomo wa asiyejizoeza.

Walimu wakuu wenzangu mnaopanga ratiba ya muhula ujao, tengeni saa moja kwa wiki kwa ajili ya zoezi hili.