Maneno Yaliyogawa Ardhi: Kutoka Riwaya za Ng'ambo hadi Kibera na Kawangware

Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya NewSouth Books, iliyoko jimbo la Alabama nchini Marekani, ilitoa toleo jipya la Adventures of Huckleberry Finn, riwaya ya Mark Twain ya karne ya 19. Katika toleo hilo lilifutwa tusi moja la kuwadhalilisha watu weusi, ambalo mwandishi alilitumia zaidi ya mara 200, na mahali pake pakawekwa neno “mtumwa”. Walimu, wahakiki na wazazi wakazozana. Kuna waliosema tusi hilo linawaumiza watoto weusi darasani, na kuna waliosema kulifuta ni kuisafisha historia isiyostahili kusafishwa. Msomaji wa Nairobi anaweza kudhani mzozo huo ni wa Wamarekani na adabu zao za shuleni, nao wala hautugusi. Unatugusa sana. Historia ya mitaa miwili ya jiji letu, Kibera na Kawangware, inaonyesha kwamba lugha ya rangi iligawa ardhi. Iliamua nani alale wapi, nani amiliki shamba na nani aombe ruhusa, na vitabu vilivyosifiwa ng'ambo vikasaidia mgawanyo huo uonekane kama mpango wa Mungu.

Tuanze na sheria, maana huko ndiko maneno yalikopata meno. Serikali ya kikoloni ilimhesabu kila mkazi wa Kenya kwa asili yake: Mzungu, Mhindi, Mwarabu na “mwenyeji”, yaani Mwafrika. Aliyetiwa katika fungu hilo la mwisho alibanwa na amri zisizomhusu mtu mwingine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915 iliiweka chini ya mfalme wa Uingereza hata ardhi waliyokuwa wakiikalia Waafrika, na mwaka 1921 mahakama ikatamka kwamba Wakikuyu wa Kiambu, wakati huo Dagoretti na Kawangware zikiwa sehemu ya wilaya hiyo, ni wapangaji tu ambao serikali inaweza kuwaondoa ipendapo. Sheria ya kuandikisha wenyeji, iliyopitishwa mwaka huohuo wa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 kubeba kipande, yaani cheti cha utambulisho, naye akatembea nacho shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Mtu mzima mwenye mke na watoto aliitwa “boi” na mwajiri wa umri wa mwanawe. Jina hilo na kijaluba kile vilifanya kazi moja, kwani asiyehesabiwa kuwa mtu mzima hawezi kudai hati ya shamba.

Kibera inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko mahali pengine popote nchini. Wanubi walioianzisha walikuwa askari wenye asili ya Sudan, waliopigana katika kikosi cha King's African Rifles, pamoja na wake na watoto wao. Mwaka 1918 eneo hilo la ekari zaidi ya 4,000 lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, na familia hizo zikaishi hapo kwa kibali. Shida ilikuja pale serikali ilipogawa ardhi ya Waafrika kabila kwa kabila, kila moja na hifadhi yake. Wanubi walikuwa Waafrika kwa rangi, lakini kwenye daftari la mkoloni hawakuwa na kabila la Kenya. Kwa hesabu hiyo, asiyekuwa na kabila hakuwa na ardhi. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Jaji Morris Carter na kutoa ripoti yake mwaka 1934, ilikiri kwamba serikali ilikuwa na wajibu ulio wazi wa ama kuwarudisha askari hao wa zamani kwao ama kuwatafutia makazi. Kukiri huko hakukuzaa hati yoyote. Ardhi iliendelea kumegwa kabla ya uhuru na baada yake, hadi mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta alipoikabidhi jamii ya Wanubi hatimiliki ya pamoja ya ekari 288. Karibu karne nzima ilipita kati ya tangazo la 1918 na hati hiyo, na sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo imejengwa juu ya swali moja la kibaguzi: hawa ni watu gani hasa?

Mawazo haya hayakutoka London peke yake. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa mwezi Aprili 1909, majuma machache baada ya kuondoka madarakani kama rais wa Marekani, akawinda kwa miezi kadhaa na kuandika African Game Trails, kitabu kilichotoka mwaka 1910. Aliwaeleza wasomaji wake kwamba nyanda za juu za nchi hii zinafaa kuwa makao ya mzungu, na wasomaji hao walikuwa wanaishi katika taifa ambalo majimbo yake ya kusini yalitenganisha weusi na weupe kwa sheria. Mwaka 1924 tume ya elimu ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilizuru Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, mwendo mfupi kutoka Kawangware, kwa kufuata mfano wa shule za vijijini za watu weusi wa kusini mwa Marekani. Shule hiyo ilitoa walimu waliofanya kazi nzuri vijijini, na haki yao wapewe. Hata hivyo msingi wake ulikuwa kwamba elimu ya mweusi ni ya jembe, usafi na kazi ya mikono, popote pale alipo. Mtoto wa Alabama na mtoto wa Kiambu walipangiwa kimo kimoja na watu waliokwisha kuamua watakua hadi wapi.

Hapo ndipo fasihi inapoingia, na hakuna mfano ulio mzito kama mwandishi wa Denmark, Karen Blixen. Shamba lake la kahawa, lenye takriban ekari 6,000, lilikuwa chini ya vilima vya Ngong, upande wa magharibi wa Kibera na kusini mwa Dagoretti. Aliondoka Kenya mwaka 1931 shamba lilipofilisika. Out of Africa ilitoka mwaka 1937, ikapendwa sana Marekani, na filamu iliyotokana nayo mwaka 1985 ilishinda Oscar saba, ikiwemo ya filamu bora. Ni kitabu chenye nathari nzuri, na atakayekana hilo hatendi haki. Pia ni kweli kwamba mwandishi aliwapigania Wakikuyu waliokuwa wakiishi shambani mwake wasitawanywe lilipouzwa, hadi serikali ikawatengea sehemu ya msitu wa Dagoretti. Lakini tazama jinsi kitabu kinavyowaona watu hao. Wanafananishwa mara kwa mara na wanyama wa porini, wanasifiwa kwa utulivu kama vile mtu anavyosifia swala. Katika Shadows on the Grass, kitabu chake cha mwaka 1960, alidai kwamba akili za Wakikuyu, Wakamba na watu wa Kavirondo, yaani wa kandokando ya Ziwa Victoria, hukua upesi utotoni kisha husimama ghafla kwenye kimo cha mtoto wa Kizungu wa miaka tisa. Upendo na dharau vilikaa katika kalamu moja bila kugombana. Ndiyo maana aliweza kuwaombea watu wake kipande cha msitu bila kujiuliza ni nani aliyewafanya wapangaji katika nchi ya baba zao.

Wapo watakaosema hayo yalikuwa mawazo ya mwanamke mmoja mpweke shambani. Hapana, yalikuwa mawazo ya kisomi ya jiji hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 madaktari H. L. Gordon na F. W. Vint walifanya utafiti Nairobi wakipima bongo za Waafrika na kutangaza kuwa ziko chini ya zile za Wazungu. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1953, katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, kwamba Mwafrika anafanana kifikra na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilichapisha ripoti ya Carothers iliyoeleza Mau Mau, uasi wa kudai ardhi na uhuru, kama tatizo la akili. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa kwa maelfu na kupelekwa kambini, huku watu wa Kiambu wakikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa. Ikiwa madai ya ardhi ni ugonjwa, anayedai hapewi ardhi, anapewa tiba. Na kambi ndiyo iliyoitwa tiba.

Robert Ruark, mwandishi wa jimbo la North Carolina, aliiuzia Marekani tafsiri hiyo. Riwaya yake Something of Value, iliyotoka mwaka 1955, iliuzwa kwa wingi mno, na mwaka 1957 ikafanywa filamu iliyoigizwa na Rock Hudson na Sidney Poitier. Damu imejaa kurasani, na ukatili wa Mau Mau unaelezwa kama kitu kinachotoka kwenye damu ya mtu mweusi akiachwa bila ustaarabu wa bwana wake. Kwa mamilioni ya Wamarekani hiyo ndiyo ilikuwa habari ya kwanza na ya mwisho waliyoipata kuhusu Kiambu na Nairobi, katika miaka ileile ambayo watoto weusi wa nchi yao walikuwa wanapigania kuingia shule za weupe. Woga uliouzwa na riwaya hiyo ulikuwa na wateja tayari nyumbani.

Hoja inayotolewa mara nyingi kuwatetea waandishi hawa ni kwamba walikuwa watoto wa zama zao, na si haki kuwahukumu kwa mizani ya leo. Ingekuwa hoja nzito kama zama hizo zingekuwa na sauti moja. Norman Leys, daktari wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu Kenya mwaka 1924 akishambulia unyang'anyi wa ardhi na kazi ya kulazimishwa. McGregor Ross, mhandisi aliyewahi kuongoza idara ya ujenzi ya serikali hiyohiyo, alimfuata mwaka 1927. Jomo Kenyatta alitoa Facing Mount Kenya mwaka 1938, mwaka mmoja tu baada ya Out of Africa, akieleza kwa utaratibu jinsi Wakikuyu walivyomiliki ardhi hiyohiyo ya Kiambu ambayo Blixen aliiona kama mandhari. Ukweli ulikuwepo, umechapwa kwa Kiingereza na unapatikana madukani London. Waliochagua kuandika vingine walichagua.

Je, basi vitabu hivyo vifutwe maneno au viondolewe kabisa? Naona hapana, na sababu yangu haitokani na heshima kwa waandishi. Kufuta tusi kutoka kitabu cha Twain, aliyelitumia akisimulia mzungu mdogo anayejifunza kumwona mtumwa kuwa mtu, kunamnyima msomaji ushahidi wa lugha iliyokuwa ya kawaida midomoni mwa watu wa dini na heshima. Nairobi ilipata jibu bora mwaka 1968, pale Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walipotaka idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe ili fasihi ya Afrika ikae katikati, na fasihi nyingine zisomwe kutokea hapo. Hawakudai kuchoma kitabu chochote. Ngũgĩ mwenyewe, katika kumbukumbu zake za kifungoni zilizotoka mwaka 1981, alimsoma Blixen mstari kwa mstari na kumshtaki kwa maneno yake mwenyewe. Asingeweza kufanya hivyo kama kitabu kingekuwa kimeshasafishwa.

Kuna wanaosema pia kwamba hayo yamekwisha, kwamba kinachotenganisha Kawangware na Lavington leo, au Kibera na uwanja wa gofu wa Royal Nairobi ulio jirani yake, ni pesa. Ni kweli kwamba walio upande wa pili wa ukuta sasa ni wa kila rangi. Lakini ukuta uko palepale ulipowekwa na mpango wa rangi. Lavington ilitengwa kuwa makazi ya Wazungu na Kawangware ikabaki ardhi ya wenyeji, kisha wakati wa uhuru zote mbili zikajikuta ndani ya jiji moja bila kulinganishwa barabara zao, maji yao wala mabomba yao ya majitaka. Anayetoka Kawangware alfajiri kwenda Lavington kutunza bustani bado anaitwa “shamba boi”, na wanaomwita hivyo ni Wakenya wenzake. Hapo lawama ni yetu. Kiswahili nacho kilikuwa na “mshenzi” wake wa kumtukana mtu wa bara kabla mlowezi hajaliokota neno hilo na kulipeleka shambani. Wanaodhani ubaguzi ni maradhi ya Mzungu pekee hawajausikiliza mdomo wao wenyewe.

Lugha ya zamani imepata pia sura mpya ng'ambo. Kwa miaka mingi Kibera iliandikwa kuwa na watu milioni moja au zaidi, hadi sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu takriban 170,000. Namba ile kubwa iliaminika kirahisi kwa sababu iliendana na picha iliyokwisha kuwepo kichwani: umati usio na majina. Filamu ya The Constant Gardener, iliyopigwa kwa sehemu hapo Kibera na kutoka mwaka 2005, ililaani kampuni za dawa kwa haki, lakini bado Wazungu ndio wenye mapenzi, siri na dhamira, na wakazi ni watu wa kupita nyuma yao. Hakuna tusi hata moja. Mpangilio, hata hivyo, Blixen angeutambua mara moja.

Na swali lile waliloulizwa Wanubi, hawa ni watu gani hasa, liliendelea kuulizwa kwenye dirisha la ofisi ya usajili. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi kwa kuwanyima uhakika wa uraia tangu kuzaliwa. Hadi mwaka 2025, wakifikisha miaka 18, vijana wa jamii hiyo walikuwa wakipelekwa mbele ya kamati za kuwachunguza na kutakiwa kuleta hati za mababu kabla ya kupewa kitambulisho, wakati jirani zao wa Kibera wenye majina ya makabila yanayotambulika walichukua chao bila kuhojiwa hivyo. Serikali ilipoanzisha Huduma Namba, mfumo wa kidijitali wa namba moja ya utambulisho kwa kila mkazi, Wanubi walikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani, wakihofia kwamba asiye na kitambulisho angefungiwa nje ya kila huduma. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu iliruhusu mpango huo uendelee kwa sharti kwamba kwanza zitungwe kanuni za kuulinda umma. Kamati za uchunguzi hazikuvunjwa na uamuzi huo.