Bidhaa ni ya wapi? Historia ya swali la mpakani

Mama anayevusha mfuko wa maharagi kutoka Gisenyi kwenda Goma huulizwa na watu wa duane: vitu hivi vinatoka wapi? Asipokuwa na cheti cha asili, anaweza kulipa ushuru ambao mkataba ungemsamehe.

Zamani swali hilo halikuwa na uzito. Tarehe 26 Februari 1885, mataifa ya kigeni yalitia sahihi mkataba huko Berlin, bila Mukongomani yeyote mezani. Katika bonde la Kongo, bidhaa za kila taifa ziliruhusiwa kuingia bila ushuru. Mwaka 1890, huko Brussels, ushuru wa hadi asilimia 10 ukaruhusiwa.

Mambo yalibadilika majirani walipoanza kupendeleana. Mwaka 1976 Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda CEPGL huko Gisenyi. COMESA ikaanza mwaka 1994, na tarehe 31 Oktoba 2000 inchi 9 wanachama zikafutiana ushuru. Kongo haikuwa kati yake. Lakini anayemsamehe jirani ushuru anataka kujua kama bidhaa ni ya jirani kweli. La sivyo, vitu vya ng'ambo vitapitia mlango huo huo.

Hapo ndipo zilipotoka kanuni za asili ya bidhaa. Maharagi yaliyolimwa na kuvunwa Rwanda ni ya Rwanda, hakuna ubishi. Mchele wa Pakistan ulioshushwa Mombasa haugeuki wa Kenya, hata ukibadilishiwa mfuko. Bidhaa ya kiwandani hupimwa: katika COMESA, njia moja ni kuangalia kama thamani iliyoongezwa humo inafika angalau asilimia 35 ya gharama ya kiwandani.

Hesabu kama hizo zinafaa makampuni. Kwa wafanyabiashara wadogo wadogo, COMESA ilitengeneza njia rahisi: orodha ya bidhaa zinazokubaliwa na inchi mbili jirani, na cheti chepesi kinachojazwa na kugongwa muhuri mpakani. Mwaka 2022 Kongo iliingia pia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye kanuni zake.

Kwa familia zilizohama, ambazo mashamba yamebaki nyuma, ushuru uliosamehewa ni chakula cha jioni. Ila cheti kinaondoa ushuru wa kuingiza tu. Ada na kodi zingine zinaweza kubaki. Kabla ya kununua mzigo, mwenye mfuko aulize: kitu hiki kililimwa au kutengenezwa wapi, na je, kiko kwenye orodha?