Ugumu Hauvaliki

Mwaka jana, wiki moja kabla ya safari yake ya pili mlimani, binamu yangu aliniomba nimsindikize soko la Memorial, Moshi, akatafute jaketi. Yeye ni mgumu. Ndivyo wanavyoitwa wapagazi wa Kilimanjaro. Safari ya kwanza alipanda na sweta la pamba na jaketi la jinzi. Usiku wa Barafu, kambi iliyo juu ya mita 4,600, alitetemeka mpaka kukakucha, na vidole vya miguu vikakaa na ganzi kwa wiki mbili. Alipolalamika kwa aliyemwajiri aliambiwa atazoea.

"Haya, msomi wa historia," akaniambia tukiwa mbele ya rundo la mitumba, "ninunue jaketi nene moja nimalize, au vitu vidogo vidogo?"

Alikuwa ananitania. Mimi swali lilinikaa kichwani, kwa sababu hilo "atazoea" lilinikumbusha habari ya zamani ya mlima huohuo.

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake alikiita baridi, basi. Rebmann aliandika pia habari aliyosimuliwa: kwamba baba yake Mamkinga, mangi wa Machame, aliwahi kutuma watu wengi wapande wakakichunguze kitu hicho, akitumaini ni madini ya fedha. Alirudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibika. Kwa maelezo ya Rebmann, wenzake waliuawa na baridi pamoja na hofu, kwa kuwa katika ujinga wao walidhani wameshambuliwa na pepo.

Mimi naisoma habari hiyo kwa namna nyingine. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kutoka mashambani Machame hadi kwenye barafu ni zaidi ya mita 3,000. Watu wale walitoka migombani wakaingia mahali ambapo maji hayabaki maji, na nadhani walivaa nguo za migombani. Hapo pepo hahitajiki. Lakini mwandishi aliutafuta ubaya ndani ya vichwa vyao, kama mwajiri wa binamu yangu alivyoutafuta ndani ya mwili wake.

Wazungu nao walijifunza kwa kuumia. Mwaka 1922 Waingereza walikwenda Everest wamevaa sufu na makoti ya kawaida ya baridi. Mmoja wao, mkemia George Finch, alikuwa ameshonesha koti la kitambaa cha baluni, ndani limejazwa manyoya laini ya bata. Wenzake walimcheka. Upepo wa mlimani ulipoanza kuuma, kicheko kikageuka wivu. Mwezi Mei mwaka huo yeye na Geoffrey Bruce, wakitumia oksijeni ya mitungi, walipita mita 8,300, mahali ambapo hakuna binadamu aliyejulikana kufika kabla yao.

Siri ya koti lile ni hewa. Manyoya hayatengenezi joto. Yanashika hewa iliyotulia, na hewa hiyo inazuia joto la mwili lisitoroke. Yakilowa, yanashikana, hewa inatoka, na koti linabaki mzigo. Kwa mgumu hilo ni jambo kubwa, maana kabla ya kufika kwenye barafu anapita msitu wa mvua.

Mwaka 1924 George Mallory alipotelea Everest. Mwili wake ulipatikana mwaka 1999, ukiwa bado na mabaki ya nguo: hariri, pamba na sufu, moja juu ya nyingine, na nje gabadini iliyofumwa kwa kubana ili kuzuia upepo. Nguo za mfano huo zilishonwa upya na kujaribiwa mwaka 2006. Zilionekana nyepesi na nzuri kwa mtu anayetembea katika hali ya hewa njema. Kulala nje nazo usiku lilikuwa jambo jingine.

Hapo ndipo nilipomwelewa binamu yangu. Mchana mgumu hupanda na mzigo wa hadi kilo 20, akitoka jasho. Jioni husimama. Wageni wanapoondoka usiku wa manane kuelekea kileleni, wagumu wengi hubaki kambini bila kazi ya kuwapasha mwili, na lile jasho la mchana linakuwa barafu mgongoni. Jaketi moja nene litampikia jasho mchana. Sweta la pamba litalinywa jasho hilo na kumrudishia usiku likiwa baridi.

Tulichagua vitu vinne. Fulana ya mikono mirefu isiyo ya pamba, ya kukaa mwilini na kukauka haraka. Flisi, kitambaa cha polyester kilichotoka viwandani Marekani mwaka 1979, chenye kushika hewa hata kikipata unyevu. Jaketi lililojazwa nyuzi za viwandani badala ya manyoya, la kuvaa akisimama. Juu ya yote, koti la mvua kubwa kiasi cha kuvalika juu ya mengine. Nilikagua zipu, yeye akageuza mishono. Hela ikaishia kwenye koti la mvua.

Soksi na glovu tulimwachia KPAP, mradi ulioanza mwaka 2003 kutetea wapagazi, ambao huwaazima nguo za mlimani bila malipo. Nilifurahi kwamba mradi upo. Kisha nikakasirika kwamba unahitajika, miaka mia moja baada ya koti la Finch.

Alirudi baada ya siku saba. Nilimuuliza kuhusu vidole.

"Vizima," akasema. Flisi hakurudi nayo. Barafu alimkuta dogo mmoja, safari yake ya kwanza, amevaa sweta la pamba lililolowa.

"Ulimwambia nini?"

"Nimwambie nini? Nilimwambia alivue."