Albamu ya Baharia wa Königsberg: Bei na Ushahidi

Kwa wakusanyaji wa kumbukumbu za vita, albamu ya picha ya baharia hupimwa kwanza kwa jina la meli yake. Iliyotoka kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg ina mvuto mkubwa, kwa kuwa meli hiyo iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha katika delta ya Rufiji, nayo ikaangamizwa humo tarehe 11 Julai 1915. Kipimo hicho kinapotosha, na hasara yake inatuangukia sisi tulio huku Mshangano, Songea, mbali na bahari.

Baharia hakulazimika kupiga mwenyewe kila picha aliyoibandika. Dar es Salaam walikuwapo wapiga picha kama Vincenti na Dobbertin, waliouza picha za bandari, mitaa na askari. Picha moja, basi, huenda ina nakala nyingine kwingineko. Kisicho na nakala ni mpangilio: ipi ilitangulia ipi, maneno gani yaliandikwa chini yake, nani aliachwa bila jina. Muuzaji anayechana kurasa ili auze picha mojamoja anaharibu ushahidi wenyewe.

Ushahidi huo ni wetu pia. Boila za Königsberg zilipoharibika, sehemu zake zilikokotwa nchi kavu kutoka Rufiji hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha zikarudishwa, kwa nguvu za wapagazi. Meli ilipokwisha, mizinga yake 10 iliopolewa ikatiwa magurudumu, mabaharia wakawa askari wa nchi kavu, na Waafrika wakaivuta tena. Mzinga mmoja upo leo Fort Jesus, Mombasa. Septemba 1916 Vita vya Kwanza vya Dunia viliufikia mji wa Songea, miaka 10 tu baada ya jemadari wa Wangoni, Nduna Songea Mbano, na wenzake kunyongwa na Wajerumani katika Vita vya Majimaji. Watu waliokuwa bado wana matanga ya vita hivyo vya awali wakatakiwa kubeba mizigo ya wakubwa.

Ndiyo maana katika picha za namna hii jicho la mtafiti lisiishie kwa baharia mwenye kofia nyeupe aliyesimama katikati. Litazame pembeni: bega lenye kamba, mzigo ulivyofungwa, nguo iliyovaliwa, uso uliokatwa nusu na ukingo.

Wakusanyaji hujitetea kwamba bila wao albamu hizi zingetupwa. Ni kweli, na wanastahili shukrani. Lakini mnunuzi aliyeko Ulaya hawezi kuutambua ufungaji wa mzigo ambao mzee wa hapa alisimuliwa na babu yake.

Kwa hiyo nawaomba wenye albamu hizi: msizichane. Pigeni nakala za kurasa zote, mbele na nyuma, pamoja na maandishi yake, bila kupunguza kingo, mzitume Makumbusho ya Majimaji hapa Songea, wazee wakiwa bado wapo wa kuulizwa.