Kijana wa Mnarani: Episodi ya Buffy Iliyofungiwa Miezi Mitano

Mei 11, 1999, watazamaji wa Buffy the Vampire Slayer nchini Marekani waliona tukio tamu sana ambalo nusu yake hawakuielewa.

Ni usiku wa dansi ya kumaliza sekondari. Kijana mmoja mfupi, mpole, wa aina ile ambayo mnasoma naye miaka yote na jina lake bado hulikumbuki vizuri, anashika kipaza sauti. Kwa niaba ya darasa zima anamshukuru binti ambaye kila wiki amekuwa akiwaokoa na mazimwi, kisha anamkabidhi zawadi: mwavuli. Anasema darasa lao limepoteza wanafunzi wachache kuliko darasa lolote katika historia ya shule. Ukumbi mzima makofi.

Swali ni moja. Kwa nini yeye? Kwa nini wasimpe mtu maarufu? Jibu lilikuwepo, limesharekodiwa na kuhaririwa, ila kituo cha televisheni kilikuwa kimelifungia kabatini.

Turudi nyuma kidogo. Buffy ilianza 1997 kwenye kituo cha The WB. Shule yenyewe iko mji wa kubuni wa Sunnydale, California, na imejengwa juu ya Mlango wa Kuzimu. Ndiyo maana wanyonya damu hawaishi. Lakini ujanja wa tamthilia ile ulikuwa huu: kila zimwi lilikuwa shida ya kweli ya vijana iliyovalishwa meno. Msimu wa tatu, ulioanza Septemba 1998, una episodi 22 na ndio mwaka wao wa mwisho shuleni. Mashabiki wengi huuweka juu kabisa.

Episodi ya 18 inaitwa Earshot. Binti anapigana na zimwi, damu yake inamgusa, anaanza kusikia mawazo ya watu. Mwanzoni raha tupu, darasani anajibu maswali kama profesa. Baadaye inakuwa mateso, kichwa kimejaa kelele za kila mtu na hawezi kuzizima. Halafu, katikati ya kantini, anasikia wazo moja: kesho saa kama hizi, mtu fulani atawaua wote. Nani? Hajui.

Marafiki wanaanza kuwahoji wanafunzi mmoja mmoja. Macho ya kila mtu yanaishia kwa wale wa pembeni. Na kweli, yule kijana mfupi anapatikana juu ya mnara wa saa, anaunganisha bunduki. Kesi imekwisha, sivyo?

Haijaisha. Bunduki ile alikuja nayo kujiua mwenyewe. Binti anakaa naye kule juu na kumwambia jambo ambalo kijana hakuwahi kulifikiria: wale anaodhani wanamdharau hata hawamuoni, kwa sababu kila mmoja anaumia kivyake, na kelele za maumivu yake zinamziba masikio. Kijana anaitoa bunduki. Muuaji wa kweli ni mpishi wa kantini, anakamatwa akiwa na sumu ya panya jikoni. Mtu ambaye hakuna aliyewahi kumtazama mara mbili.

Earshot ilipangwa kurushwa Jumanne, Aprili 27, 1999.

Jumanne ya kabla yake, Aprili 20, wanafunzi wawili wa sekondari ya Columbine, Colorado, waliingia shuleni kwao na silaha. Siku hiyo waliua wanafunzi 12 na mwalimu 1, kisha wakajiua.

The WB wakaiondoa Earshot hewani na kuweka marudio. Na tuseme ukweli, walikuwa sahihi. Ndani ya episodi kuna hadi utani kuhusu mauaji ya mashuleni kuwa kama fasheni. Wiki ambayo wazazi wanazika watoto, nani angeuvumilia utani huo?

Tatizo ni kilichoendelea. Mei 20, shambulio jingine likatokea shule moja ya Conyers, Georgia, wanafunzi 6 wakajeruhiwa. Episodi ya mwisho wa msimu ilikuwa irushwe Mei 25. Humo wahitimu wanavua majoho siku ya mahafali, chini yake kuna silaha, na wanapambana na meya wa mji aliyegeuka joka kubwa. Nayo ikaahirishwa mpaka Julai 13. Kanada ilionyeshwa kwa ratiba yake, hivyo Wamarekani wakaanza kutafutana kwa kanda za video na kupakua mtandaoni. Kumbuka hiyo ni 1999, intaneti ya kusubiri mpaka usingizi ukushike.

Huku nje nchi nzima ilikuwa inatafuta wa kumlaumu: gemu za kompyuta, muziki, sinema. Na mashuleni, mtoto mkimya mwenye nguo nyeusi akageuka mshukiwa. Mwandishi mmoja wa tovuti ya Slashdot alikusanya simulizi za wanafunzi wa namna hiyo, wakieleza walivyoandamwa baada ya Columbine. Kichwa cha makala yake kilisema hizo ni sauti kutoka Mlango wa Kuzimu. Neno hilo alilitoa wapi? Kwenye Buffy.

Ona sasa ilivyokaa. Watoto wenyewe walikuwa wanasema kilekile kilichomo kwenye Earshot, lugha ni ya tamthilia ileile, halafu episodi yenyewe iko kabatini. Wakubwa waliona bunduki mnarani wakafunga kitabu. Mazungumzo yaliyofuata pale juu, ambayo ndiyo yalihitajika, yakafungiwa pamoja na bunduki.

Earshot ilirushwa hatimaye Septemba 21, 1999, wiki mbili kabla ya msimu wa nne. Shule ilishalipuliwa, wahusika wanaelekea chuo, na kijana wa mwavuli alishapigiwa makofi miezi minne nyuma. Ndipo watu wakaelewa. Kumbe yule aliyesimama kumshukuru binti kwa niaba ya wote ndiye aliyeokolewa na maneno, bila upanga wala ngumi.

Anayeiangalia leo anaikuta Earshot mahali pake, namba 18: mnara kwanza, mwavuli baadaye. Wa 1999 walipewa shukrani kabla ya sababu.

Darasani kwenu, yule wa pembeni alikuwa nani? Na kuna aliyewahi kupanda mnara kumfuata?