Zabibu chotara za mvinyo: hesabu ya shamba dogo Busia na Tororo

Mkoa wa Dodoma, Tanzania, ndio kitovu cha zabibu za mvinyo zinazolimwa na wakulima wadogo Afrika Mashariki. Aina kuu ni Makutupora, ambayo ni nyekundu, na Chenin Blanc, ambayo ni nyeupe. Je, miche hiyo ikipandwa Busia au Tororo italipa?

Mwinuko si tatizo. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na Busia na Tororo ziko karibu mita 1,200. Tofauti ni mvua. Dodoma hupata milimita 600 hivi katika msimu mmoja. Eneo letu hupata zaidi ya 1,000 katika misimu miwili, na unyevu huo ndio chakula cha ukungu wa majani na matunda.

Katika nchi za joto mzabibu haupati baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye huuamsha kwa kupogoa, na zabibu huiva baada ya miezi minne hivi. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Huku kwetu, atakayetaka matunda yaive Januari au Februari, wakati wa ukavu, itambidi apogoe mwishoni mwa Septemba, na maua yatakutana na mvua za Oktoba na Novemba. Aina za Ulaya hapo zitadai dawa kila baada ya siku chache, na faida ya nusu ekari itaishia kwenye bomba la kunyunyizia.

Ndiyo maana chotara wa mzabibu wa Ulaya na ule wa Marekani wanastahili kufikiriwa kwanza, kwani wengi wao huvumilia ukungu vizuri zaidi. Isabella ni mmojawapo na hulimwa katika nchi nyingi za joto. Ila mnunuzi asidanganywe: ladha yake ni ya pekee, na si kila mnywaji anaipenda. Ufaransa iliipiga marufuku mwaka 1934 pamoja na aina nyingine tano, na Umoja wa Ulaya bado hauiruhusu kwa mvinyo wa kuuzwa. Soko lake ni la hapa hapa, pamoja na juisi.

Kuhusu miche, usivushe vipandikizi ndani ya gunia la mihogo. Vinahitaji kibali cha kuingiza mimea cha nchi unakokwenda na cheti cha afya ya mimea cha nchi unakotoka. Kwa upande wa Kenya mhusika ni KEPHIS.

Zabibu zenyewe hazivi zaidi zikishakatwa, tofauti na ndizi au embe, na huharibika haraka kwenye joto. Shehena ya bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupita kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki bila ushuru wa forodha.

Mvinyo ni habari nyingine. Tani moja ya zabibu hutoa lita 600 hadi 700, hivyo mzigo hupungua na haugombani na jua la foleni Malaba. Lakini cheti hicho hakifuti ushuru wa bidhaa wala VAT, na chupa hutakiwa kuwa na stempu ya kodi, Kenya na Uganda pia. Dereva aombe karatasi hizo kabla ya kufunga turubai.